Spika ya Katikati: Safari ya Sauti ya Chaneli Sita Kutoka Jumba la Sinema Hadi Sebuleni

Watu wanaojua kwamba nafuatilia mambo ya sauti huniletea lalamiko moja kuliko mengine yote. Wanasema kwamba wakitazama filamu nyumbani, waigizaji wakizungumza hawasikiki vizuri, na wakiongeza sauti ili wawasikie, haipiti dakika gari linalipuka, vyombo vya kabatini vinatikisika na mtoto aliyelala chumba cha pili anaamka analia. Wapo wanaoamini kwamba TV yao ni mbovu, wapo wanaowalaumu waigizaji wa siku hizi kwa kunong'ona, na wapo walioamua kuwasha maandishi chini ya skrini wakaachana na sauti. Mara nyingi hakuna kifaa kilichoharibika. Filamu ilitengenezwa kwa chaneli sita au zaidi, kila moja ikiwa na kazi yake, nao wanaisikiliza kupitia spika mbili ndogo zilizofungwa mgongoni mwa TV. Na katikati ya safari hiyo hufanyika hesabu ambazo hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Mtu akisikia habari za sauti ya mzunguko, yaani sauti inayogawanywa katika chaneli kadhaa ikamfikia msikilizaji kutoka mbele, pembeni na nyuma, hufikiria kwanza spika za nyuma: helikopta inayopita juu ya kichwa, nyayo za muuaji nyuma ya kochi. Matangazo ya biashara nayo huuza mifumo hii kwa picha hizo. Mimi nashikilia kwamba spika inayobeba mfumo mzima ni ile ya katikati, chini ya skrini au nyuma yake, ambayo kwa sehemu kubwa ya filamu haifanyi jambo la kushangaza hata kidogo: inazungumza. Historia ya teknolojia hii, tangu kabla ya dijitali, inaeleweka vizuri zaidi mtu akiifuata kwa kuuliza jinsi maneno ya mwigizaji yanavyobaki kinywani mwake hata kwa mtazamaji aliyekaa kiti cha pembeni kabisa.

Tuanze na masikio. Sauti ikitoka upande wa kulia hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto, na ingawa tofauti hiyo haizidi sana sehemu saba za elfu kumi za sekunde, ubongo huipima na kuamua sauti imetoka wapi. Kwa sauti nyembamba, kichwa chenyewe huwa kizuizi, hivyo sikio la upande wa pili hupokea sauti iliyopungua nguvu, na tofauti hiyo nayo huhesabiwa. Stereo ya kawaida hutumia udhaifu wa mfumo huu. Spika mbili zikitoa sauti ileile kwa nguvu ileile, ubongo wa mtu aliyekaa katikati yake huamini kwamba mwimbaji amesimama pale mbele, mahali ambapo hapana spika yoyote. Lakini mtu huyo akihamia kiti cha kulia, sauti ya spika ya kulia inawahi kumfikia, na sikio la binadamu hufuata sauti inayotangulia hata kama ile inayochelewa ina nguvu sawa nayo au zaidi kidogo. Mjerumani Helmut Haas aliieleza tabia hii kwa vipimo mwaka 1949. Matokeo yake ni kwamba mwimbaji wa katikati huhama pamoja na msikilizaji: ukikaa kulia, naye yuko kulia.

Sebuleni, kwa mtu mmoja anayesikiliza muziki, jambo hilo linavumilika. Katika ukumbi wa watu mia tano, karibu kila mtu amekaa nje ya mstari wa katikati, na stereo ya spika mbili ingewafanya nusu yao wamsikie mwigizaji upande mmoja wa skrini na nusu nyingine upande wa pili. Wahandisi wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu nchini Marekani, walilitambua tatizo hili mapema. Tarehe 27 Aprili 1933 walirusha kwa waya muziki wa okestra ya Philadelphia ukiwa unapigwa mjini humo, hadi ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington, kwa chaneli tatu: kushoto, katikati na kulia. Kiongozi wa okestra hiyo, Leopold Stokowski, hakuwa na fimbo mkononi usiku huo. Alikuwa Washington akiongoza vipimo vya sauti, huku msaidizi wake Alexander Smallens akiwaongoza wapigaji kule Philadelphia. Miaka saba baadaye Stokowski huyohuyo alifanya kazi na Walt Disney katika filamu ya *Fantasia*, ambayo mwaka 1940 ilionyeshwa kwa mfumo ulioitwa Fantasound, wenye chaneli tatu nyuma ya skrini na spika nyingine ukumbini. Mitambo yake ilikuwa mikubwa na ya gharama kiasi kwamba kumbi chache tu ziliweza kuifunga. Hata hivyo mpangilio wenyewe ulikuwa umekwisha kupatikana, na mwaka 1953 mfumo wa skrini pana wa CinemaScope uliuleta tena kwa njia nne za sauti za sumaku juu ya mkanda wenyewe: tatu za mbele na moja ya ukumbini.

Skrini ya sinema, kwa asiyewahi kuisogelea, ina matundu madogo mengi yaliyotobolewa kote, na macho ya mtu aliye kitini hayayaoni. Matundu hayo yapo kwa ajili ya sauti. Spika za mbele zimesimama nyuma ya kitambaa, na ile ya katikati iko nyuma ya nyuso za waigizaji. Kwa hiyo mtu anayezungumza katikati ya picha anazungumza kutoka pale alipo kweli, si kwa kuidanganya akili ya msikilizaji, na mtazamaji wa kiti chochote anakubaliana na jirani yake kuhusu mahali sauti inapotoka.

Sumaku ilikuwa ghali na ilichakaa upesi, hivyo kumbi nyingi zilibaki na njia ya mwanga, yaani mistari inayochorwa pembeni mwa mkanda na kusomwa kwa taa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Dolby ilipata namna ya kuingiza chaneli nne katika mistari miwili tu ya aina hiyo. Chaneli ya katikati iliingizwa sawasawa katika mistari yote miwili, na ya ukumbini iliingizwa kwa mawimbi yanayopingana, ili kifaa cha ukumbini kiweze kuzitenganisha tena kwa kulinganisha kinachofanana na kinachopingana. *Star Wars* ya mwaka 1977 ndiyo iliyoufanya mfumo huo ujulikane. Ulikuwa mpango wa akili sana, lakini utenganisho wake haukuwa kamili: maneno yalivujia pembeni, na chaneli ya ukumbini ilikatwa masafa yake ya juu, yaani sauti zake nyembamba, ili uvujaji huo usisikike. Wakati huohuo, nakala chache za mkanda mpana wa milimita 70 ziliendelea kubeba njia sita za sumaku zilizo huru, na filamu ya *Apocalypse Now* ya mwaka 1979, ambayo sauti yake ilisimamiwa na Walter Murch, ilizigawa njia hizo kwa namna tunayoitambua leo: tatu mbele, mbili za ukumbini kushoto na kulia, na moja ya besi nzito. Mwaka 1987 wahandisi wa filamu wa Marekani walipokuwa wakijadili sauti ya dijitali inayokuja ibebe chaneli ngapi, mhandisi wa sauti Tomlinson Holman alipendekeza jina la 5.1, na likashika.

Ile nukta moja huwatatiza wengi, basi niieleze hapa. Chaneli tano hubeba masafa yote ambayo sikio linaweza kuyasikia. Ya sita hubeba besi tu, hadi Hz 120 (mitetemo 120 kwa sekunde), ambayo ni chini ya sehemu moja ya mia ya upana wa chaneli kamili, kwa hiyo nukta moja ni alama ya kusema "na kipande kidogo", si hesabu halisi. Chaneli hii haikuwekwa kwa sababu zile tano hazina besi. Iliwekwa kwa sababu mlipuko au tetemeko huhitaji nguvu nyingi mno katika masafa ya chini, na kama nguvu hiyo ingeingizwa katika chaneli za mbele ingemaliza nafasi yote ya sauti nyingine. Ndiyo maana inapochezwa huongezewa desibeli 10 (kipimo cha nguvu ya sauti) juu ya nyingine.

Sasa twende kwenye mkanda wa dijitali wenyewe, ambao kwangu ni moja ya kazi nzuri zaidi za uhandisi wa karne iliyopita. Tatizo lilikuwa nafasi. Mkanda wa milimita 35 ulikuwa umejaa: katikati picha, pembeni mistari miwili ya sauti ya analojia, na kingoni matundu yanayoshikwa na meno ya projekta. Jaribio la kwanza la kibiashara, lililofanywa na Kodak pamoja na kampuni ya ORC mwaka 1990, liliweka data za dijitali mahali pa mistari ya analojia, na hapo ndipo lilipokosea, kwa sababu data zikishindwa kusomeka hapakuwa na sauti ya akiba. Dolby walitafuta nafasi mahali ambapo hakuna aliyewahi kuipigia hesabu: kati ya tundu na tundu. Ukiushika mkanda wa filamu ya miaka ya 1990 mbele ya taa, utaona kati ya matundu hayo, upande mmoja wa picha, vijiraba vya kijivu vinavyofanana na vumbi lililopangwa. Ukitumia kioo cha kukuzia, vumbi hilo linakuwa nukta nyeusi na nyeupe zilizosimama kwa safu 76 kwenda chini na 76 kwenda pembeni, na katikati yake imewekwa nembo ya kampuni. Kila picha ina matundu manne upande mmoja, na picha 24 hupita kila sekunde, kwa hiyo vijiraba 96 husomwa kwa sekunde moja na kamera ndogo iliyo ndani ya projekta.

Hesabu yake inaeleza mengi. Vijiraba 96 vyenye nukta 5,776 kila kimoja hutoa nukta zaidi ya laki tano na nusu kwa sekunde, na sehemu yake nzuri hutumika kwa ajili ya kusahihisha makosa, kwa sababu mkanda hukwaruzwa, hushika vumbi na hukatwa na kuungwa. Zinazobaki kwa ajili ya sauti ni biti 320,000 kwa sekunde. Lakini sauti ya dijitali isiyobanwa, ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde na kila kipimo kuandikwa kwa biti 16, kwa chaneli sita, inahitaji biti milioni 4.6 kwa sekunde. Ni lazima sehemu 13 kati ya kila 14 ziondoke, na mtazamaji asijue kwamba zimeondoka. Mkanda ukichakaa kupita kiasi, mtambo hurudi wenyewe kwenye mistari ya analojia iliyoachwa palepale pembeni, na mtu wa kawaida huhisi tu kwamba ukumbi umepungua upana kwa muda. *Batman Returns* ya mwaka 1992 ndiyo filamu iliyoanza kuutumia mfumo huu wa Dolby hadharani. Mwaka uliofuata *Jurassic Park* ilikuja na DTS, iliyoweka sauti kwenye diski za CD zilizokwenda sambamba na mkanda kwa alama za muda, na Sony nao wakaleta mfumo wao uliochapa data kwenye kingo zote mbili za mkanda, ukiwa na uwezo wa chaneli nane. Kuna nakala zilizobeba mifumo yote mitatu pamoja na analojia, zikafaa ukumbi wowote.

Biti 13 kati ya 14 zinaondokaje? Jibu liko tena katika masikio. Mtu akisimama karibu na mashine ya kusaga nafaka, mwenzake akimnong'oneza hamsikii, ingawa mawimbi ya mnong'ono yanafika sikioni vilevile kama kawaida. Sauti yenye nguvu hufunika sauti dhaifu zilizo karibu nayo kimasafa, na hufunika hata zile zinazokuja muda mfupi kabla na baada yake. Mfumo huo wa Dolby, uitwao Dolby Digital, hukata sauti katika vipande vifupi, vipimo 1,536 kwa kila fremu, sawa na sehemu 32 za elfu za sekunde, ukavigeuza kutoka mawimbi kuwa orodha ya nguvu ya kila masafa, kisha ukauliza kwa kila kundi la masafa: je, sikio litayasikia haya, au yamefunikwa na majirani zake? Yanayosikika huandikwa kwa biti nyingi, yanayosikika kidogo kwa biti chache, na yaliyofunikwa huachwa. Zaidi ya hayo, chaneli zote hula kutoka chungu kimoja cha biti. Katika tukio la watu wawili wakizungumza chumbani, chaneli ya katikati huchukua fungu kubwa na za nyuma karibu zisichukue kitu. Vita vikianza, mgawo hubadilika papo hapo.

DVD ilipokuja sokoni Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997 ilichukua mfumo huohuo, ikauruhusu hadi biti 448,000 kwa sekunde. Bila ubanaji isingewezekana. Sauti ya chaneli sita kwa biti 24, kwa filamu ya saa mbili, ingehitaji gigabaiti 6.2, wakati diski ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7 kwa picha na sauti pamoja. Ikibanwa hushuka hadi megabaiti 400 hivi. Blu-ray ya mwaka 2006 ilipata nafasi ya kutosha kubeba sauti iliyobanwa bila kupoteza hata biti moja, kwa mifumo ya TrueHD na DTS-HD Master Audio, na majumba ya sinema yalipohamia dijitali kamili hayakuhitaji tena kubana: faili ya filamu inayopelekwa ukumbini hubeba hadi chaneli 16 za sauti ghafi ya biti 24.

Hapa ndipo tunapofika sebuleni, na hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Filamu huchanganywa sauti katika ukumbi uliopimwa. Kiwango cha rejea ni desibeli 85 kwa kila spika ya mbele kwa mlio maalumu wa kupimia, na juu yake kuna nafasi ya desibeli 20 kwa vishindo, yaani hadi 105 kwa chaneli moja, na 115 kwa ile ya besi. Ukumbi wenyewe umenyamaza. Nyumbani hakuna anayesikiliza kwa nguvu hiyo, na feni inazunguka, friji inanguruma, mvua inapiga mabati. Mazungumzo ya kawaida yanazama katika kelele za nyumba, ilhali mlipuko bado uko juu sana. Waliobuni mfumo walilifikiria jambo hili, na kwa hiyo ndani ya mkondo wa data, pamoja na sauti yenyewe, waliweka maelekezo. Moja ni namba inayoeleza mazungumzo ya filamu hii yako katika kiwango gani, kuanzia desibeli 1 hadi 31 chini ya kilele, ili kifaa cha nyumbani kipunguze au kiache, na mtu akibadilisha filamu asilazimike kushika rimoti. Mengine humwambia mpokeaji ni kiasi gani cha kuinua sauti za chini na kushusha za juu, kipande kwa kipande, kama mtumiaji ameomba hivyo. Hicho ndicho kinachotokea mtu akiwasha kile ambacho deki nyingi hukiita hali ya usiku. Watu wengi hawajawahi kuigusa sehemu hiyo ya menyu, na ni msaada mkubwa kuliko kununua spika mpya.

Maelekezo mengine ni ya kuchanganya chaneli sita ziwe mbili. Kifaa kikiwa na spika mbili tu, huchukua chaneli ya katikati, hupunguza nguvu yake kwa desibeli 3, na kuiongeza kushoto na kulia. Huchukua za nyuma, huzipunguza vilevile au zaidi, na kuziongeza kila moja upande wake. Ya besi kwa kawaida huachwa nje kabisa. Kihesabu ni sahihi. Lakini jumla ya chaneli tatu katika moja inaweza kuzidi uwezo wa kifaa, na ili isipasuke, kifaa kinaweza kulazimika kushusha kila kitu kwa desibeli zipatazo 7 na nusu. Mazungumzo yaliyokuwa na spika yake peke yake sasa yanagombania nafasi na muziki, upepo na risasi katika spika zilezile, na katikati yake ni ile ya kuidanganya akili, inayomfaa tu aliyekaa katikati ya kochi. Kwa sababu hiyo, kama programu ya kutazamia filamu inatoa uchaguzi kati ya 5.1 na stereo, na mtu ana spika za TV tu, namshauri achague stereo: mara nyingi toleo hilo limesikilizwa na kurekebishwa na mtu kabla ya kutolewa, wakati 5.1 iliyobanwa kuwa mbili ni hesabu ya kifaa peke yake.

Na wale wenye sabufa? Karibu kila nyumba ninayoingia ina sabufa, na nyingi zimeandikwa 5.1 kwenye boksi. Kabla ya kuamini maandishi hayo, geuza sabufa uangalie mgongoni. Kama kuna matundu sita ya kuingizia, mawili ya mbele, mawili ya nyuma, moja la katikati na moja la besi, au tundu la mwanga (linaloandikwa OPTICAL) au la HDMI, basi kweli inaweza kupokea chaneli sita. Kama kuna matundu mawili tu, jekundu na jeupe, basi inapokea stereo na kuinakili kwenye spika tano, na namba iliyo kwenye boksi imehesabu spika, haikuhesabu chaneli. Maduka ya Kariakoo na ya mtaa wa Luthuli, Nairobi, yana aina zote mbili kwa bei zinazokaribiana, na muuzaji hatakwambia tofauti usipouliza. Hata wenye matundu sita mara nyingi wamechomeka mawili, kwa kuwa waya uliokuja na deki ulikuwa na ncha mbili.

Waya nao una mipaka yake. Waya wa mwanga unaotoka kwenye TV au king'amuzi unaweza kubeba stereo isiyobanwa, au chaneli sita zilizobanwa, lakini si chaneli sita zisizobanwa. Ndiyo maana kwenye menyu ya TV lazima mtu achague bitistrimu (sauti iliyobanwa ipite kama ilivyo) badala ya PCM (sauti isiyobanwa), la sivyo TV itachanganya zote ziwe mbili kabla ya kuzituma. HDMI ya kurudisha sauti, inayoitwa ARC, hubeba chaneli sita zilizobanwa bila shida, na eARC iliyofuata hubeba hata zile zisizobanwa.

Baada ya hapo kinachobaki ni kuweka spika mahali pake. Kwa mpangilio uliopendekezwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, za mbele zikae digrii 30 kila upande ukipima kutoka kitini, na za mzunguko digrii 110 hivi, ambapo si nyuma kabisa ya kochi kama wengi wanavyozitundika, bali pembeni kwa nyuma kidogo, usawa wa masikio au juu yake. Ya katikati ielekezwe usoni. Ikilazwa chini ya TV itazamishwe juu kwa kipande cha ubao. Masafa yaliyo chini ya Hz 80 hayana upande kwa sikio la binadamu, kwa hiyo sabufa inaweza kukaa popote, na mfumo mzuri huipelekea besi za spika ndogo zote pamoja na chaneli yake ya besi. Kisha washa mlio wa kupimia: ni sauti ya "shhh" inayohama kutoka spika moja hadi nyingine, na kazi yako ni kukaa kitini na kurekebisha mpaka kila "shhh" iwe na nguvu ileile. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, hivyo ukiandika umbali wa kila spika kwenye menyu, amplifaya huchelewesha zilizo karibu ili zote zifike pamoja. Mtu akifanya haya kwa uangalifu, maneno hutulia kwenye vinywa vya waigizaji, na hahitaji tena kuongeza sauti.

Tangu mwaka 2012, Dolby Atmos imebadilisha swali. Badala ya kusema sauti hii ni ya spika ya kushoto, mchanganyaji husema sauti hii iko hapa katika chumba, juu kidogo, ikielekea kulia, na kifaa cha ukumbini ndicho kinachoamua ni spika zipi zitaifikisha hapo, ziwe tano au 64. Mfumo wa ukumbini hubeba hadi sauti 128 kwa wakati mmoja, baadhi zikiwa chaneli za kawaida na nyingine vitu vinavyotembea. Nyumbani, tangu mwaka 2014, huandikwa kwa namba tatu, mathalani 5.1.2, na ile ya mwisho ni spika za juu. Ni maendeleo makubwa, na bado mazungumzo kwa kawaida huwekwa katika chaneli ileile ya katikati iliyojaribiwa mwaka 1933.

Jambo hili linatuhusu sisi wasikilizaji wa Kiswahili kwa namna ambayo nadhani haijazungumzwa vya kutosha. Watafsiri wa filamu wa vibanda vya video, Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi wakiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi, walijenga sanaa kamili ya kusimulia juu ya filamu, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini malighafi waliyokuwa nayo ilikuwa sauti iliyokwisha kuchanganywa kuwa mbili, hivyo msimuliaji akizungumza ni lazima muziki, upepo na vishindo vyote vishushwe pamoja na maneno ya kigeni, kisha vipandishwe tena anaponyamaza. Studio za kimataifa hazifanyi hivyo. Filamu inapokamilika, huhifadhiwa katika mafungu matatu, ya mazungumzo, ya muziki na ya athari za sauti, kila fungu likiwa na chaneli zake zote, na mnunuzi wa haki za tafsiri anaweza kupewa mafungu mawili ya mwisho bila la kwanza. Anachobaki nacho ni filamu nzima yenye chaneli ya katikati iliyoachiwa nafasi.

Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimethibitisha kwamba waigizaji wa sauti tunao na watazamaji tunao. Ningependa kuona filamu zikitafsiriwa hivyo kwa chaneli sita, na studio inayotaka kufanya hivyo haihitaji ukumbi mkubwa: inahitaji mafungu hayo mawili ya sauti katika mkataba wake, chumba kilichonyamaza chenye spika tatu za mbele na mbili za mzunguko zilizopimwa, na mchanganyaji atakayeziacha sauti za Kiswahili katikati, akizipa mwangwi wa chumba kinachoonekana kwenye picha, badala ya kuzilaza juu ya kila kitu.